Nukta Mgongoni mwa Paneli

Dadaab, 9 Februari 2025

Guleid,

Huna haya. Naanzia hapo. Salamu ni za watu wenye haya, na zako nitakupa hasira ikiniisha, kama itaniisha.

Alhamisi nilipanda mkokoteni wa punda wa Adow nikaenda soko la Hagadera kuuza samli. Nikapita dukani kwa Mowlid. Amezipanga paneli zako za sola ukutani, jua linazipiga, watu wamezizunguka. Moyo ulinijaa. Nikasema kwa sauti ili wasikie wote: hizi zimetengenezwa Garissa na mjukuu wangu, mtoto wa Yakub wangu. Mwanamke mmoja akaniuliza atajuaje kama si zile za ovyo zinazokufa zikinyeshewa mara moja. Nikamwambia geuza nyuma, mama, utaona chapa ya ngamia wetu imechomwa kwenye fremu. Akageuza.

Duara lenye mkia, sawa. Hiyo ni chapa ya babu yako na ukoo wake wote. Na chini ya duara kuna nini? Nukta. Nukta, Guleid.

Ngamia wa nyumba yangu wana mstari. Babu yako aliponioa alinipa ngamia wa kukamua, wakachomwa duara shingoni na mstari chini yake. Alipomwoa Ramlo, mke mdogo, naye akapewa wake, wakachomwa nukta. Hayo hata mtoto anayechunga mbuzi anayajua. Na mimi nimesimama pale mbele za watu, kidole changu kiko juu ya fremu, na mzee mmoja aliyekuja kununua betri anatikisa kichwa na kusema, "Kumbe Ramlo wa Habaswein amejenga kiwanda. Mashallah."

Hiyo mashallah iliniunguza kuliko jua la saa saba.

Nani alikulea baba yako alipofariki? Nani alimtoa Barwaqo, ngamia wangu pekee aliyebaki baada ya ukame, ukamuuza ukanunua ile mashine ya kubandika vioo kwa joto, siku ambazo watu wa benki walikuwa wanakuchekea usoni? Ramlo alitoa nini? Ramlo maisha yake yote ametoa maneno tu. Tulikaa naye darasa moja la ngumbaru kule Garissa, babu yako akiwa hai, yeye akashika namba moja, na mpaka leo mtu hawezi kutoka Habaswein bila kuniambia kwamba cheti cha Ramlo bado kiko ukutani. Mimi sina cheti. Lakini barua naandika. Na sikupigii simu kwa sababu nikianza kusema ukweli unasema mtandao mbaya, unakata. Hii kata kama unaweza.

Ile nyirinyiri uliyoniletea Disemba imekwisha. Nyama laini, samli safi, majirani wote nimewaambia mjukuu wangu ananikumbuka. Ila aliyeipika aliweka iliki nyingi mno. Huo ni mkono wa mtu anayependa kujionyesha. Chombo chake nimekitilia sukari.

Sasa nijibu. Nukta imefikaje pale?

Ebla, mke mkubwa wa marehemu Mzee Rage


Garissa, 16 Februari 2025

Ayeyo, bibi yangu,

Assalamu alaykum. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama, maana niliona si vizuri kukusikiliza nimekaa.

Naomba nikueleze mambo yalivyo huku. Unakumbuka tulivyoanza mimi na mwenzangu Istahil katika kile chumba cha kupanga Bulla Iftin, tunaunganisha seli moja moja kwa mkono, stima ikipotea tunakaa gizani na paneli zetu. Leo tuna banda kubwa kwenye barabara ya soko la mifugo, na vijana wanaokula kwa kazi hii nikiwapanga kwenye mkeka wako hawaenei. Lakini tumebanwa. Paneli za bei ya chini zinaingia kutoka kila upande zikiwa na majina ya kigeni. Kwa bei hatuwezi kuzishinda kamwe. Tunachoweza ni kitu kimoja: mtu wetu akiharibikiwa, anajua mlango wa kubisha. Ndiyo sababu nilichoma chapa ya ukoo kwenye fremu. Mfugaji hasomi maandishi ya kiwanda, lakini chapa anaisoma akiwa mbali.

Sasa nataka tutoke Garissa. Wazee wa kisima cha Habaswein wamechoka na jenereta ya dizeli, wanafikiria kuweka pampu ya jua. Wakichukua paneli zetu, Wajir nzima itatazama kisima kile, na baada ya Wajir ni Mandera. Kampuni yetu itakua au itabaki duka la mtaa, na jibu liko pale kisimani.

Kuhusu nukta, ni tundu la skrubu tu. Idman anayesimamia mashine ya fremu alilitoboa hapo kwa sababu ndipo chuma kilipo kinene. Usiumize moyo wako, ayeyo. Na nakuomba, jambo hili lisifike kwa watu mpaka wazee wa Habaswein waamue.

Nafurahi nyirinyiri ilikupendeza.

Mjukuu wako, Guleid


Dadaab, 20 Februari 2025

Guleid,

Tundu la skrubu. Nilirudi Hagadera, nikaazima bisibisi ya Mowlid, nikalisukuma hilo tundu lako mbele ya wateja wake. Haliingii kitu. Ile ni nukta iliyochomwa kwa moto, imekaa katikati sawasawa, mtu aliipima. Unanidanganya mimi niliyekufundisha kuficha uongo? Ulipokuwa mdogo ukidanganya ulikuwa unatazama miguu yako. Sasa umepata karatasi ya kutazama badala ya miguu.

Nisikilize, wewe uliyesoma mpaka miwani. Ngamia husomwa kutoka juu kwenda chini. Juu ni ukoo, chini ni nyumba. Mnyama akitolewa zawadi kutoka nyumba moja kwenda nyingine, chapa ya kwanza haikwanguliwi. Inabaki palepale, na ya nyumba mpya inachomwa chini yake, ili kila mtu ajue mnyama alitoka wapi na kwa radhi ya nani. Mnyama mwenye nukta peke yake ni wa Ramlo tangu tumboni mwa mama yake. Hivyo ndivyo unavyouambia ulimwengu. Kwamba kiwanda kilizaliwa kwa Ramlo, na mimi sikuwepo.

Unadhani ni wivu. Haya, ni wivu. Nina haki nao, nimeufuga tangu siku aliposhuka kwenye ngamia wa harusi amejipaka hina mpaka kwenye kiwiko. Lakini jiulize. Ngamia wangu wamekwisha. Ukame uliwachukua wote isipokuwa Barwaqo, na Barwaqo nilikupa wewe, amechinjwa, ngozi yake imeenda wapi sijui. Leo hakuna mnyama mmoja chini ya jua mwenye mstari wangu. Nikifa kesho, kitu gani kitasema Ebla alikuwa na nyumba? Nilidhani ni paneli zako. Nilikuwa nawaambia hivyo majirani jioni. Ndiyo maana niliyesema geuza nyuma ni mimi.

Na usiniambie nisiseme kwa watu. Nimekwisha kusema. Sikusema umeiba, mimi si mwendawazimu. Nilimuuliza Mowlid na wazee waliokuwa dukani swali moja tu: ngamia mwenye chapa ya nyumba nyingine akiletwa sokoni, muuzaji huulizwa nini?

Waache wafikirie.

Ebla, mwenye mstari


Garissa, 4 Machi 2025

Ayeyo,

Ramadhan karim. Nakuandikia nikiwa nimefunga na nikiwa nimechoka, nisamehe nikikosea adabu.

Swali lako limetembea kuliko lori zetu. Mowlid amerudisha paneli zote. Anasema hana ugomvi na mimi, ila wateja wanageuza nyuma, wanaona nukta, wanarudisha ukutani. Hapa Garissa wanunuzi wa mifugo wameanza kuniuliza kwa upole ule mbaya, "Ramlo anajua?" Na wazee wa kisima cha Habaswein wameleta ujumbe: hawawezi kuweka juu ya maji ya watu mali yenye kesi. Hilo ndilo neno walilotumia. Nimesimamisha mashine ya fremu. Istahil anafagia banda ambalo ni safi tayari. Vijana wa kazi wanakuja asubuhi, wanakaa kivulini mpaka jioni.

Nilikudanganya kuhusu skrubu. Astaghfirullah. Ukweli ni huu. Dadaab wanakujua wewe kwa sura, Garissa wananijua mimi. Hapa tungeuza hata bila chapa. Lakini kuanzia Habaswein kwenda juu, mstari wako hakuna aliyeuona tangu ukame. Ngamia wa nukta bado wako malishoni kule, watoto wao wanauzwa mpaka Mandera, na mtu akiona nukta anajua hiyo nyumba haiuzi mnyama mgonjwa. Mimi nilitazama hesabu ya biashara. Kampuni inayotaka kwenda mahali isipojulikana hubeba alama inayojulikana huko. Nilisema nitakwambia tukifika Mandera, ukiwa umeona matunda yake. Sikuweza kukuambia mwanzo kwa sababu nilijua jibu lako.

Ayeyo Ramlo alikubali kwa moyo mmoja. Nilikaa naye, nikamwomba, akanipa. Kwa hiyo si wizi. Nakuomba andika mistari miwili tu kwa wazee wa Habaswein, useme huna neno. Wewe ndiye uliyefunga mlango na wewe ndiye mwenye ufunguo.

Guleid


Habaswein, 14 Machi 2025

Ebla,

Wa alaykum salaam, kama ile ilikuwa salamu. Barua yako nimeipata. Salamu moja na matusi ukurasa mzima, katikati ya Ramadhani. Nimejiuliza ulipokuwa unaandika ulikuwa umefunga au umefungua. Na mwandiko wako bado unapanda mlima, mwalimu alikwambia hilo mbele ya darasa.

Unaniuliza nilimlisha nini mjukuu wako mpaka akanipa kiwanda. Nilimlisha maziwa na anjera, kama mgeni yeyote. Sasa na mimi nikuulize. Chombo changu kiko wapi?

Nitakueleza kwa mpangilio, maana naona huyu mtoto ametupa kila mmoja kipande chake. Alikuja kwangu mwezi wa kumi na moja. Akaniomba nukta. Nikakataa. Nikamwambia wewe ni mtoto wa mstari, nenda kwa Ebla, nisije nikaitwa mwizi wa wajukuu. Akanywa chai yake, akaondoka. Wiki ya pili akarudi, akakaa palepale, akasema, "Ayeyo Ebla anakusalimu. Amesema nukta yako itumike, na kwamba nyinyi ni dada."

Ebla, tumekaa boma moja ujana wetu wote na hujawahi kunipa hata chumvi bila kuipima kwa jicho. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kidogo, mtoto asinione. Kisha nikachinja dume la ngamia nililokuwa nimelitunza, nikapika nyirinyiri siku nzima, nikaijaza kwenye chombo nilichokishona ngozi kwa mkono wangu mwenyewe, na nikaongeza iliki kwa sababu nakumbuka ulikuwa unaipenda kabla hujaanza kusema unaichukia kwa ajili yangu. Nikampa akuletee.

Basi nikangoja. Chombo hakirudishwi kitupu, sisi tulilelewa hivyo. Na kisiporudi kabisa, kina maana yake. Kila gari lililotoka upande wa Dadaab nilimtuma mjukuu wangu Nasteha kituoni, mpaka akaanza kujificha nikimwita. Januari ikapita. Nikasema, haya, Ebla ni yuleyule, amenipa nukta yangu mwenyewe kwa mkono wa kulia na kuninyima chombo kwa wa kushoto. Nilikuchukia sana, kwa taarifa yako. Nilikuwa nimeanza kupumzika kukuchukia.

Sasa barua yako inaniambia nyirinyiri ulisema ni ya Guleid. Na ndani ya chombo changu kuna sukari.

Wazee wa kisima wamekuja kwangu. Wameniuliza mbele ya watu: Ramlo, hii mali ni yako au si yako? Nikisema ni yangu, itakuwa yangu, na wewe unajua hakuna baraza litakalonipinga, nukta iko pale. Nikisema si yangu, mjukuu wako ni mwizi wa chapa, na hatauza hata taa ya choo kuanzia hapa mpaka mpakani. Ulipouliza swali lako la sokoni hukufikiria kwamba jibu litaombwa kwangu. Nimewaambia nitajibu nikishajibiwa na Ebla.

Na unisikilize, kwa sababu hili sitaliandika mara mbili. Unanionea wivu kwa nukta. Mimi nina wajukuu wengi. Abdijabar, mkubwa wao, anatafuna miraa tangu adhuhuri mpaka meno yanakuwa kijani. Hakuna hata mmoja aliyenyoosha waya. Wako alisomea jua na akalifanya kazi, na akija hapa anakutaja wewe kila sentensi ya pili, ayeyo alisema hivi, ayeyo alimtoa Barwaqo. Usiku alipoondoka sikulala vizuri. Wewe una mjukuu, Ebla. Mimi nina nukta. Ningekuwa na uwezo wa kubadilishana, ningekuletea ngamia wote na nukta zao mpaka mlangoni.

Nirudishie chombo.

Ramlo binti Guyo wa maneno mengi, kama ulivyoniita


Dadaab, 21 Machi 2025

Guleid,

Umewadanganya wanawake wawili kwa nyama moja. Kaa chini, safari hii nakuruhusu kukaa, maana nina mengi.

Nimeletewa barua ya Ramlo. Nimeisoma nje, nikaisoma tena ndani, nikamwaga sukari. Nimeona ushonaji wa kile chombo kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nakiangalia kila asubuhi nikitengeneza chai na sikukiona. Mshono ni mzuri. Hilo usimwambie.

Ulisema ulitazama hesabu ya biashara. Hesabu yako ilikuwa nzuri, mtoto wangu, na mimi si mjinga, naona kwamba mtu wa Wajir hawezi kuamini mstari ambao hajauona. Ungeniambia hivyo, ningekutukana wiki moja, labda mbili, kisha ningetafuta njia. Lakini ulinihesabu mimi kama kizingiti, ukapita juu. Na Ramlo ukampa salamu ambayo sikuituma. Unajua kwa nini ilimliza? Kwa sababu ilikuwa salamu ambayo mtu mzuri angetuma, na mimi sikuwa nimeituma. Umenifanya nionee wivu uongo wako.

Kampuni unayotaka ifike Mandera inauza nini? Vioo vya kila aina viko sokoni. Wewe unauza kwamba nyuma ya kioo kuna nyumba, na nyumba hiyo ikigongwa itafungua. Halafu nyumba yenyewe umeijengea ukuta katikati, ukatuacha tunatukanana kila mmoja upande wake. Wazee wa kisima hawakukataa nukta. Walikataa kesi.

Jana nilikwenda kwa Mowlid. Nilikuta wale wazee wangu wa swali bado wako kwenye benchi, nadhani wanalala pale. Nikawaambia jibu nimelipata: muuzaji huulizwa ni nani aliyempa, na aliyempa atajisema mwenyewe. Mowlid akauliza ni lini. Nikamwambia funga mdomo wako, umefunga saumu, subiri Idd.

Sasa fanya haya.

Nakutumia chombo kwa basi la kesho. Nimekijaza tende na samli niliyoisafisha mwenyewe, bila iliki. Usikifungue, usikionje, na usimtume dereva wala Idman. Kipeleke wewe kwa mikono yako Habaswein. Waite wale wazee wa kisima wakae, na mbele yao mwambie Ramlo: nilikudanganya, ayeyo, salamu ile haikutumwa. Kisha mpe chombo na useme hii imetumwa. Mwache akifungue, usianze maneno yako ya kampuni. Barua yake sijamjibu na sitamjibu, mwandiko wangu unapanda mlima.

Na fremu. Nukta iache. Usiikwangue hata moja. Juu yake, chini ya duara, choma mstari wangu. Mstari kwanza, nukta baadaye. Wazee watageuza nyuma, watasoma kutoka juu kwenda chini kama wanavyosoma ngamia, na hawatahitaji kuniuliza. Watajua kwamba kitu hiki kilizaliwa nyumbani kwa Ebla, na Ebla amekitoa kwa nyumba ya Ramlo, kwa radhi yake, akiwa na akili zake. Atakayetaka kubisha aje Dadaab anione. Na mstari uwe mrefu. Uvuke nukta pande zote mbili. Mimi niliolewa kwanza.

Ramlo atakuonyesha kile cheti cha ngumbaru. Kitazame, sema mashallah moja, usikisome kwa sauti.

Washa mashine leo. Istahil aache kufagia. Paneli ya kwanza yenye chapa zote mbili niletee mimi, uifunge juu ya paa langu upande wa barabara, mahali panapoonekana. Ya pili mfungie Ramlo. Ya tatu ndiyo ipande kisimani. Usikosee mpangilio huo, na uwe umemaliza kabla ya Idd.

Ayeyo yako,
Ebla